Damu yaomba, tumbo lakataa: chakula cha mjamzito kabla ya mazoezi

Mjamzito wa Lamu akiuliza ale nini kabla ya kutoka kwenda kutembea, hatafika mwisho wa kichochoro kabla ya kupewa majibu matatu. Bibi yake atamkataza kutoka na tumbo tupu. Binamu aliyesoma kwenye simu atamwambia atoke bila kula, ati mwili uchome mafuta. Shoga yake atamshauri akae kwanza chakula kishuke, asije akatapika njiani. Bibi yuko sawa na shoga yuko sawa, ingawa maneno yao yanapingana. Wa simu ndiye aliyekosea, na tuanze na kosa lake kwa sababu ndilo linaloangusha watu.

Njaa ya mjamzito ni nyingine

Ini la mtu mzima aliyeshiba huweka akiba ya sukari ya gramu 80 hadi 100 hivi. Akiba hiyo ndiyo inayolisha ubongo usiku kucha. Asiye na mimba akiamka saa 12 asubuhi bado amebakiwa na kiasi cha kumfikisha mbali bila kuona tofauti. Kwa mjamzito, hasa mimba ikishapita miezi minne, hesabu hubadilika. Mtoto huchukua sukari kupitia kondo usiku na mchana, hajui kama mama amelala. Ndiyo maana sukari ya damu ya mama anapoamka huwa chini kuliko ya mwenzake asiye na mimba, hata kama usiku walikula sahani moja. Mwili wake pia huanza kuyeyusha mafuta mapema zaidi, na mafuta yakiyeyushwa kwa wingi hutoa kemikali ziitwazo ketoni, ambazo huenda zikachangia kile kichefuchefu na uchovu wa kuamka na njaa.

Sasa mtu huyo huyo aanze kutembea kwa kasi. Misuli ya miguu nayo inadai sukari yake. Wadai wamekuwa watatu, ubongo na mtoto na miguu, na mfuko wa kulipa ni mmoja. Kwa dakika 10 au 15 za kwanza hajui lolote. Baadaye mikono inaweza kutetemeka, jasho la baridi likatoka, macho yakaona giza.

Suala la kuchoma mafuta halina nafasi hapa. Mimba si wakati wa kupunguza uzito, na hata hesabu yenyewe haileti faida: mwanamke wa kilo 65 akitembea dakika 45 kwa mwendo wa kawaida hutumia kalori 150 hivi, ambazo ni ndizi moja na yai. Hesabu hiyo hiyo inamrudi pia yule anayemwambia mjamzito ale kwa ajili ya watu wawili. Miezi mitatu ya kwanza hahitaji nyongeza yoyote ya kalori. Miezi mitatu ya pili nyongeza ni kalori 340 hivi kwa siku, ya mwisho 450 hivi. Chakula cha kabla ya mazoezi basi ni kidogo sana, na kazi yake ni moja: kuizuia sukari ya damu isiporomoke katikati ya njia.

Upande wa pili kuna tumbo. Homoni ya projesteroni hulegeza misuli ya mfuko wa uzazi usije ukajikaza kabla ya wakati wake, lakini haichagui pa kulegeza. Hulegeza pia mlango wa misuli ulio kati ya umio na tumbo, tindikali ikapanda kifuani, na hicho ndicho kiungulia. Hupunguza kasi ya matumbo kusukuma chakula, gesi na choo kigumu vikafuata. Kufika mwezi wa saba mfuko wa uzazi nao umelibana tumbo kutoka chini. Sahani ya wali ambayo zamani ilikuwa si kitu sasa inakaa kooni, na ukiinama kufunga kiatu unaionja tena.

Kwa hiyo damu inataka chakula mapema na tumbo linataka kiwe kidogo. Anayeuliza "nile nini?" aulizwe kwanza: umekula saa ngapi, na unatoka saa ngapi?

Kiasi kinafuata saa

Ukiwa na saa 2 hadi 3 kabla ya kutoka, kula mlo wako wa kawaida. Kikombe kimoja cha wali uliopikwa kina wanga wa gramu 45 hivi. Weka na kipande cha samaki cha ukubwa wa kiganja na mboga. Tui liwe jepesi. Tui zito la kwanza ni mafuta, na mafuta ndiyo yanayokaa tumboni kuliko kitu chochote. Samaki wawe wadogo na wa kati, changu, tasi au dagaa. Papa na nduaro mjamzito awaache kabisa, wawe wabichi au ng'onda, kwa sababu ni samaki wakubwa wanaokula wengine na hukusanya zebaki mwilini mwao kwa miaka.

Ukiwa na saa moja au moja na nusu, lenga wanga wa gramu 30 na protini kidogo. Kiazi kitamu cha kuchemsha cha ukubwa wa ngumi pamoja na yai 1 kinatosha. Ama kikombe 1 cha uji uliopikwa na maziwa. Ama ndizi 1 ya kadiri na nusu kikombe cha maziwa lala. Protini haiwekwi kwa ajili ya nguvu ya papo hapo. Hufanya wanga uingie kwenye damu taratibu, usipande ghafla ukashuka ghafla.

Ukiwa na nusu saa tu, protini na mafuta hayana nafasi. Chukua wanga wa gramu 15 peke yake: tende 3 ndogo, au nusu ya ndizi, au kipande kimoja cha mkate mkavu. Na ukiwa tayari umesimama mlangoni, tende 1 au 2 na maji mafundo mawili, kisha dakika 10 za kwanza utembee polepole ili tumbo lipate damu ya kufanyia kazi kabla miguu haijaichukua.

Tende inastahili sifa yake. Ni ndogo, haiharibiki kwa joto, haihitaji kuoshewa sahani, na sukari yake inaanza kufika kwenye damu ndani ya dakika chache. Lakini hesabu kwa ukubwa: tende ndogo kavu ina sukari ya gramu 5 au 6, zile kubwa laini za boksi moja inaweza kuwa na 16. Anayekula 6 kubwa kabla ya kutoka amekula sukari ya soda mbili au zaidi.

Mahamri na mbaazi za nazi nani asiyevipenda, ila kwa kazi hii ndivyo vibaya kuliko vyote vilivyomo katika meza ya asubuhi. Mahamri yamekaangwa, mbaazi zina nyuzi nyingi na huleta gesi, na juu yake kuna tui. Vitatu hivyo vinahitaji saa 2 au 3 kushuka. Dawa ni kubadilisha zamu: kiazi au mkate wa mofa kabla ya kutoka, mahamri na mbaazi ukirudi. Mbaazi ni protini nzuri na zina vitamini ya folati; hazina kosa lolote ila saa. Viazi karai, bajia na kaimati viko kundi moja na mahamri, tena bila fadhila za mbaazi.

Muhogo nao una maneno yake. Wanga wake ni mzito: gramu 100 zilizochemshwa zina wanga unaokaribia mara mbili ya kiazi kitamu, kwa hiyo kipande cha vidole vitatu kinatosha. Umenywe na uive kabisa, kwa maana muhogo uliochemshwa nusu unaweza kubaki na sumu yake ya asili, na mjamzito si mtu wa kujaribia. Wa kuchemsha kwa maji tu unafaa kabla ya mazoezi. Wa nazi usubiri.

Dafu watu wengi hulidhania chakula. Kikombe cha maji yake kina sukari ya gramu 6 hadi 9 tu na potasiamu nyingi. Ni kinywaji kizuri cha kurudishia maji, lakini anayetoka na dafu peke yake ametoka na njaa.

Alfajiri kwenda Shela

Kutoka mji wa Lamu hadi kijiji cha Shela kwa njia ya pwani ni kilomita 3 hivi, dakika 40 hadi 45 kwa mwendo wa mjamzito asiye na haraka. Ni tambarare, haina magari, na ina watu. Huwezi kutunga zoezi bora zaidi. Kinachopendekezwa kwa mjamzito asiye na tatizo ni dakika 150 kwa wiki za mwendo wa kadiri, yaani uweze kusema sentensi nzima lakini usiweze kuimba. Mara 5 za nusu saa zinatosha. Kwenda Shela mara 4 kunatosha pia.

Ugumu wa asubuhi unaanza usiku wake. Aliyekula chakula cha usiku saa 1 na kuamka saa 11 alfajiri amekaa saa 10 bila kitu. Hapo tende 2 za mlangoni hazitamfikisha. Suluhisho ni kitafunio kidogo saa 3 au 4 za usiku, kikombe cha maziwa yaliyochemshwa na kipande cha mkate, kisha kuketi nusu saa au zaidi kabla ya kulala, kwa mto ulioinuliwa kama kiungulia ni kikali. Ukiamka kwa sala, kunywa maji na ule ile sehemu ya gramu 15 hadi 30 mara baada ya kusali. Ukitoka saa 12 na nusu chakula kimeshapata nafasi yake.

Katika wiki za kichefuchefu, ambazo kwa wengi ni kuanzia ya 6 hadi ya 12 au 14, utaratibu huo hauwezekani na usilazimishwe. Weka kitandani kitu kikavu, mkate uliokaushwa au biskuti isiyo na krimu, ule vipande viwili kabla ya kuinua kichwa, ungoje dakika 15. Maji kwa mafundo, si kwa bilauri. Chai nyepesi ya tangawizi huwasaidia wengi. Zoezi la wakati huo lihamie saa ile ambayo tumbo limetulia, hata kama ni saa 5 ukiwa ndani ya nyumba yenye ukumbi wa upepo. Asiyeweza kuweka chochote tumboni kwa siku nzima, hata maji, habari ya mazoezi kwake imekwisha, aende kliniki.

Kidonge cha kliniki kinaharibu asubuhi nyingi kuliko watu wanavyodhani. Kile kilichozoeleka kutolewa kwa wajawazito Kenya kina madini ya chuma miligramu 60 na folati mikrogramu 400 kwa pamoja. Kikimezwa asubuhi tumbo likiwa tupu, kisha mtu akatoka kutembea, kichefuchefu kitamkuta katikati ya njia naye atalaumu ndizi. Kihamishie usiku baada ya chakula. Kiambatane na chungwa, ndimu au kipande cha embe, kwa sababu vitamini C huvuta chuma kiingie mwilini. Chai na maziwa vikae mbali nacho kwa saa moja au zaidi. Chai, iwe ya maziwa au ya rangi, hushika chuma na kutoka nacho. Udongo wa kutafuna pia hufanya hivyo hivyo, na hamu ya udongo yenyewe mara nyingi ni alama kuwa damu imepungua.

Ukitoka nje ya Shela na kuingia kwenye mchanga, hesabu nyingine inaanza. Kutembea kwenye mchanga mlaini hula nguvu mara 2 hivi ya kutembea kwenye njia ngumu. Dakika 20 za mchanga mkavu ni kama 40 za sakafuni, na viungo vya nyonga, ambavyo mimba imevilegeza, vinayumba kila hatua. Atembee kwenye mchanga mgumu uliolowa, bahari ikiwa imetoka, na kama hana tende mkononi ageuze.

Alasiri, upande wa kivuli

Mji wa Lamu umeelekea kisiwa cha Manda, mashariki. Asubuhi jua linakupiga usoni kutoka ng'ambo ya maji. Alasiri majumba yenyewe yanatia kivuli kwenye njia ya pwani. Kwa sababu hiyo katika miezi ya kaskazi, hasa kuanzia Januari hadi Machi, mjamzito wa miezi ya mwisho anaweza kuona saa 11 jioni ni rahisi kuliko saa 2 asubuhi. Kwa upande wa chakula alasiri ina nafuu kubwa. Chakula cha mchana cha saa 7 kimeshashuka, akiba ya ini imejaa, na kinachobaki ni tunda au maziwa lala ya saa 10.

Kosa la alasiri ni chai ya saa 10 na mkate wa kumimina au vitumbua vitatu, halafu mtu anasimama kutoka saa 10 na nusu. Hapo hakuna upungufu wa sukari; kuna uzito, na kichomi ubavuni. Ukitaka mkate wa kumimina, kula kipande kimoja, na utoke saa 11.

Kafeini isizidi miligramu 200 kwa siku. Kikombe cha kawaida cha chai kina 40 hadi 50, kahawa ina zaidi, kwa hiyo anayekunywa chai mara tatu na kuongeza kahawa chungu jioni ameshaugusa mpaka. Miraa haina kiwango chake cha mjamzito. Aiache, na moja ya sababu ni kuwa inaua hamu ya kula, mtu akatembea na njaa asiyoisikia.

Maji nayo ni sehemu ya chakula. Kiasi cha damu ya mjamzito huongezeka kwa asilimia 40 hadi 50, na damu hiyo inatengenezwa kwa maji. Anywe bilauri 2 saa 2 kabla ya kutoka, apate nafasi ya kwenda chooni, kisha mafundo kila robo saa njiani. Jumla ya siku, pamoja na maji ya kwenye chakula, iwe lita 3 hivi. Mkojo wa rangi ya majani makavu mepesi ni sawa. Wa rangi ya chai ya rangi ni onyo. Buibui jeusi la kitambaa kizito hushika joto, basi la kutembelea liwe jepesi na pana, na ndani pamba. Joto la mwili kupanda sana ni jambo la kuogopwa zaidi katika wiki za mwanzo, wakati uti wa mgongo wa mtoto unajifunga, na wakati huo ndio wengi hawajajua hata kama wana mimba.

Kila kizunguzungu na sababu yake

Watu husema "nimeona kizunguzungu, nile zaidi", na mara nyingi si chakula. Angalia kilikuja lini.

Kikija pale pale unaposimama, au pale unapokatisha mwendo ghafla kumsalimu mtu kwenye uwanja wa Mkunguni, huo ni msukumo wa damu. Katikati ya mimba mishipa hulegea na msukumo hushuka. Ukisimama kimya damu inabaki miguuni. Kula zaidi hakutasaidia. Kunywa maji, usisimame ghafla, na unapomaliza punguza mwendo kwa dakika 5 badala ya kukatisha. Ukilazimika kusimama, chezesha vifundo vya miguu.

Kikija baada ya dakika 20 au zaidi, pamoja na kutetemeka, jasho la baridi na hasira isiyo na sababu, hiyo ni sukari imeshuka. Keti. Kula sukari ya gramu 15: tende 3 ndogo, au vijiko 4 vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu bilauri ya juisi tamu. Ngoja dakika 15. Ukipata nafuu, kula kitu cha kukaa, mkate au ndizi, na siku hiyo usiendelee na mazoezi. Usikimbilie mahamri, kwa sababu mafuta yatachelewesha sukari kufika unapoihitaji.

Kuna kimoja kinachowachanganya hata waangalifu. Mtu amekunywa soda au juisi ya miwa nusu saa kabla ya kutoka, na bado anatetemeka dakika 15 tu baada ya kuanza. Sukari ile ilipanda haraka, mwili ukatoa insulini kwa wingi kuishusha, na miguu ikaanza kuvuta sukari wakati ule ule. Vyote viwili vikaishusha kwa pamoja. Si kila mtu hupatwa na hili, lakini aliyepatwa mara moja atabadilisha juisi kwa kiazi na yai, saa moja kabla.

Kizunguzungu cha kila siku, pamoja na moyo kwenda mbio kwa ngazi za nyumbani tu na pumzi kukatika, hata siku uliyokula vizuri, kinataka kipimo cha damu. Kwa mjamzito himoglobini chini ya gramu 11 kwa desilita ni upungufu wa damu (10.5 katika miezi mitatu ya kati). Ndizi haitibu hilo.

Na kikija pamoja na kuumwa kichwa, ngozi kuwaka na mkojo mweusi, ni joto na ukosefu wa maji. Kivuli kwanza, kisha maji taratibu.

Kiungulia nacho kina ramani yake. Kikikukuta ndani ya dakika 10 za mwanzo, ulikula karibu mno na kutoka. Kikikukuta wakati wa kuinama au kulala kwa mazoezi ya nyonga, panga yale ya kuinama yawe mwisho, na chakula chako kiwe saa 2 nyuma. Wengine huchokozwa na kitu kimoja tu, ukwaju, pilipili au chai kali. Wiki moja ya kuandika ulichokula na ulichokiona inafundisha kuliko orodha yoyote ya makatazo. Kuhusu kulala chali, mimba ikishafika miezi mitano usifanye mazoezi ya chali kwa muda mrefu. Mfuko wa uzazi hukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni, na kizunguzungu chake hakihusiani na chakula hata kidogo.

Zipo dalili ambazo hazingoji tende wala kivuli: damu ukeni, maji kuvuja, mikazo ya uchungu inayokuja kwa mpangilio, maumivu ya kifua, pumzi kukatika kabla hata ya kuanza, na uvimbe wenye maumivu kwenye shavu la mguu mmoja. Hizo ni za kuacha na kwenda hospitali saa ile ile. Na aliyeambiwa kliniki kuwa kondo limekaa chini, au ana presha ya mimba, au mlango wa kizazi ni dhaifu, au upungufu wa damu ni mkali, mpango wake wa mazoezi unatoka kwa mkunga au daktari, si kwenye makala.

Kisukari cha mimba

Hapa utaratibu wote unageuka. Kwa mwenye kisukari cha mimba, ambacho hupimwa kwa kawaida kati ya wiki ya 24 na 28, tatizo kubwa ni sukari inayopanda baada ya kula, kwa kuwa homoni za kondo hupinga insulini. Kwake yeye zoezi hufuata chakula: kutembea dakika 10 hadi 15 mara baada ya mlo, na hasa mlo wa jioni, hushusha kilele kile. Vipimo vya sukari ya damu vinavyolengwa kwa kawaida ni chini ya milimoli 5.3 kwa lita (mmol/L) kabla ya kula asubuhi, na chini ya 7.8 saa moja baada ya mlo. Nusu kikombe cha wali, samaki na mboga nyingi, kisha matembezi ya Usita wa Mui, ile njia kuu ya mji, hadi mwisho na kurudi: hiyo ni dawa, ingawa haitoki kwenye duka la dawa.

Anayetibiwa kwa chakula na mwendo pekee hana hatari kubwa ya sukari kushuka. Anayedunga insulini anayo. Apime kabla ya kutoka, na ikiwa chini ya 3.9 atibu kwanza kwa zile gramu 15 na kupima tena. Tende zake zikae mfukoni kama dawa, asizile kama kitafunio.

Ramadhani

Mjamzito anayejichelea yeye au mtoto wake ana ruhusa ya kula, na jambo hilo alizungumze na mwalimu wake wa dini pamoja na mkunga, mapema, kabla mwezi haujaandama. Anayefunga asifanye mazoezi mchana, na hasa lile la saa 11 jioni la kupitisha wakati kabla ya adhana, ambalo linamkuta akiba imekwisha na maji yamekwisha. Afuturu tende 3, maji na uji, kisha asali sala ya magharibi, ale mlo wake kwa kiasi, kisha atembee saa moja na nusu baadaye. Viazi karai na sambusa ndivyo vinavyoharibu matembezi ya baada ya futari, wala si futari yenyewe. Daku aisogeze karibu na alfajiri kadiri awezavyo: wali wa kunde, yai, ndizi, maji. Daku ya saa 6 usiku ni chakula cha usiku kilichochelewa tu. Na mchana akihisi mtoto amepunguza kucheza, au kizunguzungu hakiondoki akiketi, afungue na aende akapimwe.

Cha kubeba

Pochi ya kwenda Shela haihitaji vingi: tende 4 kwenye karatasi, chupa ya maji ya nusu lita, simu yenye chaji, na nauli ya mashua. Nauli hiyo ni sehemu ya mpango wa chakula. Anayekula kiazi kimoja na yai amekula kwa ajili ya kilomita 3, na njia ya kurudi ni 3 nyingine, jua likiwa limeshapanda. Wengi huanguka wakirudi. Panda mashua, au keti Shela nusu saa, ule na unywe, ndipo ugeuze.